Ukifika Lunga Lunga, beba futi

Msomaji mpenzi, iwapo unanuia kuwapeleka watoto pwani ya kusini likizo ijayo, yamkini safari yako itakomea Diani, kama zinavyokomea safari za watu wengi wa mijini. Hapana ubaya, mchanga wa Diani una sifa yake na bahari haichoshi. Ila leo nakusihi usishuke Ukunda. Endelea kukaa garini. Barabara kuu itakupitisha Gazi, Msambweni na Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988 na kuwaacha wengi bila kazi. Ukifika Kanana utaona njia inayokata kushoto kwenda Shimoni. Usiifuate. Nenda moja kwa moja kati ya minazi, mikorosho na miembe mpaka uone malori yamepanga foleni kando ya barabara. Hapo umefika Lunga Lunga, mji wa mpakani, kilomita 100 hivi kutoka Mombasa.

Ng'ambo ni Horohoro, Tanzania, na kutoka huko hadi Tanga ni kilomita 70 hivi. Mto Umba, uanzao katika milima ya Usambara, hupita maeneo haya ukielekea baharini karibu na Vanga. Mpaka umechorwa kwenye ramani, lakini Wadigo wako pande zote mbili, na si ajabu mtu kuwa na shangazi Tanga na mjomba Vanga. Sokoni utasikia Chidigo, Kiduruma, Kikamba na Kiswahili cha kila namna. Wasafiri wengi hugongewa muhuri pasi zao, wakanunua korosho za kutafuna njiani, wakaenda zao. Wewe usiwe na haraka. Ngoja jua lipunguze makali, watu watoke kuswali alasiri, kisha uulize uwanja wa mpira uko wapi. Mtoto yeyote atakuonyesha.

MKUBWA NA MDOGO

Utakachokiona huko umekwisha kukiona mtaani kwenu, ila hapa kinaonekana wazi zaidi kwa kuwa hakuna ukuta wala jukwaa la kukuzuia. Vijana wa darasa moja wanalifukuza gozi juu ya mchanga. Mmoja amevaa viatu vya mpira, mwenzake ana soksi tu, wa tatu yuko miguu mitupu. Beki wa kati amekwisha kuota ndevu na sauti yake nzito inasikika mpaka barabarani. Winga anayemkabili anamfikia kifuani. Waulize umri, wote wawili watakwambia miaka 14. Na huenda wote wawili wanasema kweli.

Sasa jiulize: siku ya kuchagua timu ya kwenda mashindano ya shule, kutoka tarafa hadi kaunti, kutoka kaunti hadi mkoa, ni nani atakayechukuliwa? Jibu unalijua. Beki ataitwa wa kwanza. Winga ataambiwa arudi mwakani akishakula ugali wa kutosha. Mwakani ataambiwa vivyo hivyo, na mwaka wa tatu harudi tena. Atakuwa amepata kazi ya kupakia magunia kwenye malori, au pikipiki ya kubeba abiria.

Ndiyo maana nikasema ubebe futi, ule utepe wa fundi wa nguo ambao bei yake haizidi ya soda chache. Katika vituo vikubwa vya kulea wanasoka duniani, chipukizi hupimwa kila baada ya muda mfupi: kimo, uzani, urefu wa miguu, kasi, pumzi. Wengi wetu tukisikia hivyo hudhani wanatafuta majitu. Kumbe jambo la kwanza wanalotaka kujua ni kama kijana amekwisha kukua au bado.

MWILI HAUFUATI KALENDA

Mtoto ambaye hajabalehe huongezeka kimo sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Kisha unakuja mwaka mmoja ambapo mwili unafyatuka. Kwa wavulana kasi hiyo hufikia kilele kwenye umri wa miaka 14 hivi, na mwaka huo kijana anaweza kuongezeka sentimita 9 au 10. Kwa wasichana kilele huja mapema, kwenye miaka 12 hivi, nao huongezeka kama sentimita 8. Hizo ni za wastani tu. Kuna mvulana anayefyatuka akiwa na miaka 12 na kuna anayengoja mpaka miaka 16, na wote ni wazima kabisa.

Kwa hiyo beki wetu na winga wetu wanaweza kuwa wamezaliwa wiki moja, lakini miili yao imepishana kwa miaka mitatu. Beki anashinda kila mpira wa juu kwa sababu anacheza na watoto. Akifika miaka 19 wenzake watakuwa wamemfikia, na kama hakufundishwa kutumia akili na miguu, atashangaa kuona nguvu peke yake hazitoshi tena. Winga naye, aliyelazimika kutumia ujanja kwa kukosa kifua, angekuwa ndiye hatari uwanjani. Lakini hayupo tena.

Jambo hili limewaumiza wengi kiasi kwamba huko Uingereza baadhi ya klabu, zikiwemo Southampton, Norwich, Stoke na Reading, ziliwahi kushiriki mashindano ambayo vijana walipangwa kwa kiwango cha kukua kwa miili yao, pasipo kuangalia umri peke yake. Mdogo wa kimo alicheza na wadogo wenzake na kwa mara ya kwanza akaonekana. Mkubwa aligongana na wakubwa wenzake, akajifunza kufikiri. Na ukitaka mifano ya watu wazima, Diego Maradona alikuwa na kimo cha sentimita 165 tu, N'Golo Kanté ana 168, na Lionel Messi 170. Messi alipokuwa na miaka 11 hivi, madaktari waligundua kwamba mwili wake unapungukiwa na homoni ya kukua. Kama angepimwa kwa macho peke yake, kama tunavyowapima wa kwetu, nani angemchagua?

KWALE ILIWAHI KUPIMWA

Pengine utasema mambo haya ni ya Ulaya. La hasha. Wavulana wa Kwale walipimwa siha yao zamani, na matokeo yake yanasomwa na wataalamu duniani kote hadi leo.

Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, Lani Stephenson na Michael Latham, wakishirikiana na wataalamu wa Kenya, walikuja wilaya ya Kwale na kufanya kazi katika shule za msingi. Latham hakuwa mgeni wa Afrika Mashariki: alizaliwa Kilosa, Tanzania, na aliwahi kufanya kazi ya udaktari katika nchi hiyo. Walipima kimo na uzani wa watoto, wakapima unono wa ngozi ya mkono, na siha waliipima kwa jaribio la Harvard. Jaribio hilo halihitaji mashine. Kijana hupanda na kushuka kidaraja kwa mwendo uliopangwa kwa dakika kadhaa, kisha hukaa na kuhesabiwa mapigo ya moyo. Moyo ukirudi upesi katika hali yake ya kawaida, kijana ana siha nzuri.

Walichokitafuta ni athari ya minyoo na kichocho. Wavulana wenye minyoo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapewa dozi moja ya dawa ya albendazole, la pili likangojeshwa. Baada ya miezi minne walipimwa tena. Waliotibiwa walikuwa wameongezeka uzani kuliko wenzao, hamu yao ya chakula ilikuwa imepanda, na alama zao za siha zilikuwa juu zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1993. Katika utafiti mwingine, dawa za kichocho pia ziliinua siha ya wavulana.

Hebu tafakari, msomaji. Mvulana aliyekuwa akiitwa mvivu, anayeshika kiuno baada ya mbio mbili, hakuwa mvivu. Minyoo ya safura ilikuwa inamnyonya damu. Damu ikipungua, hewa safi inayofika kwenye misuli hupungua, na miguu huwa mizito hata kama moyo unataka. Na minyoo hiyo huingilia wapi? Kwenye ngozi ya miguu, mtoto akikanyaga udongo wenye mabuu yake. Yule kijana wa miguu mitupu uwanjani anaweza kuubeba ugonjwa wake palepale anapoonyesha kipaji chake. Kichocho nacho humpata akioga bwawani baada ya mechi.

Tangu wakati huo serikali imeanzisha mpango wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo shuleni. Na kati ya mwaka 2015 na 2017 watafiti walirudi Kwale katika utafiti ulioitwa TUMIKIA, wakalinganisha kuwatibu watoto wa shule peke yao na kuitibu jamii nzima, wakubwa kwa wadogo. Walipotibiwa wote, minyoo ya safura ilipungua zaidi. Hilo ni jambo ambalo kila nyanya angekwambia: ukimfagilia mtoto chumba na kuuacha uwanja, uchafu utarudi.

Hapo ndipo unapoiona faida ya kupima. Kipimo kilichomwonyesha mvulana wa Kwale yuko nyuma ndicho kilichoonyesha pia sababu, na sababu ikaondolewa kwa kidonge.

UMRI NA KARATASI

Mpakani, neno kupima lina maana nyingine inayowatia watu hofu. Mashindano ya vijana yana kikomo cha umri, na ulaghai wa umri umeharibu jina la kandanda ya Afrika. Mwaka 2005 jirani zetu Tanzania walipoteza nafasi yao katika fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, zilizofanyika Gambia, kwa kosa la mchezaji aliyezidi umri. Tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 huko Nigeria, FIFA imekuwa ikipiga picha za kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI. Mashine huangalia sehemu ya mfupa inayoendelea kukua. Kwa vijana wa kiume ni nadra mno sehemu hiyo kuwa imejifunga kabisa kabla ya miaka 17. Ikionekana imefungwa, kijana huondolewa.

Lunga Lunga hakuna mashine hiyo. Hapa umri hutegemea cheti cha kuzaliwa, na cheti ni kilio cha miaka mingi katika sehemu hizi. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge, waliishi bila uraia mpaka Oktoba 2016, walipofunga safari kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai vitambulisho, na wakatambuliwa. Wapemba wa pwani walitambuliwa mwaka 2023. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, wazazi wake hawana karatasi, husajiliwa mchezoni kwa taabu, hata awe na miguu ya dhahabu. Mzazi unayesoma haya, iwapo cheti cha mwanao bado hakijapatikana, kishughulikie kabla hujanunua viatu vya mpira.

DAFTARI LA MWALIMU

Sasa tuje kwenye futi. Mwalimu wa michezo, au hata mwanafunzi wa kidato cha tatu anayependa hesabu, anaweza kufanya haya kwa daftari, futi, mizani na saa.

Kimo: Kijana avue viatu, asimame ameegemea ukuta, visigino, makalio na mabega yaguse, atazame mbele. Weka kitabu bapa juu ya kichwa, tia alama, pima. Pima saa ile ile kila mara, kwani mtu huwa mrefu asubuhi na hupungua kama sentimita moja ikifika jioni. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Ukiona kijana ameanza kuongezeka upesi, ujue msimu wake wa kufyatuka umefika.

Kimo akiwa amekaa: Aketi kwenye benchi, upime kutoka benchi hadi utosi. Miguu hutangulia kurefuka na kiwiliwili hufuata, kwa hiyo vipimo hivi viwili pamoja hukuonyesha kijana yuko hatua gani. Katika miezi hiyo atajikwaa na mpira utamponyoka, usimtukane. Akilalamika maumivu chini ya goti, pale mfupa wa muundi unapoanzia, mpunguzie kuruka na mbio kali mpaka yatulie. Yakizidi, apelekwe hospitali. Wengi wamelazimishwa kucheza na maumivu hayo kwa kuambiwa wajikaze kiume.

Kasi na nguvu: Pima mita 20, wakimbie mmoja mmoja kwa saa. Kisha waruke mbele kwa miguu miwili kutoka mahali waliposimama, upime walipotua.

Pumzi: Tumia mistari miwili iliyoachana mita 20. Vijana hukimbia kwenda na kurudi wakifuata mlio, na kila dakika mlio huenda upesi zaidi, mpaka mtu ashindwe kuufikia mstari. Jaribio hili lilibuniwa na Luc Léger wa Canada mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sauti zake siku hizi hupatikana kwenye simu. Kijana ambaye pumzi zake zimeshuka ghafla kuliko mwezi uliopita, usimpigishe raundi za adhabu. Mpeleke zahanati apimwe damu, mkojo na choo.

Daftari hilo lina kanuni moja: kijana alinganishwe na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita. Na wasichana wapimwe na mwalimu wa kike, faraghani, wala uzani wa mtu usisomwe mbele ya wenzake. Timu ya Kenya ya wasichana chini ya miaka 17, Junior Starlets, ilicheza Kombe la Dunia mwaka 2024 huko Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya kandanda kutoka Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA. Binti wa Lunga Lunga mwenye ndoto hiyo asije akaacha mpira kwa sababu ya mizani iliyosomwa kwa sauti.

JOTO, MADAFU NA SAHANI

Utaona pia, ukikaa hapo uwanjani, jinsi joto la pwani linavyofanya kazi yake. Hewa ina unyevu, jasho halikauki, na mwili hauna pa kutolea moto. Mizani husaidia hapa pia: mpime kijana kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopotea ni kama lita moja ya jasho, na inabidi irudishwe. Maji safi yanatosha. Madafu hayakosekani huku, nayo hukata kiu vizuri.

Chakula chake kiko karibu kuliko tunavyodhani. Mbaazi za nazi, maharagwe, dagaa, samaki, mchicha na matembele, muhogo, ndizi, embe na korosho zilizookotwa shambani humjenga mchezaji. Tatizo ni pale sahani inapokuwa na ugali na chai tu. Kimo cha mtu huanza kujengwa tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya mwanzo. Takwimu za afya za Kenya za mwaka 2022 zilionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na katika kaunti ya Kilifi, pwani hii hii, ni 37. Mtoto aliyekosa chakula akiwa na mwaka mmoja hawezi kufidiwa yote na kocha akiwa na miaka 14. Kwa hiyo anayetaka timu bora ya kaunti baada ya miaka 15 aanze sasa, kliniki ya akina mama.

Msomaji, magharibi inapokaribia mpira utasimama. Vijana watatawanyika, wengine kuelekea mjini, wengine njia ya Vanga. Kabla hujapanda gari, mtafute mwalimu wao umpe lile futi na daftari tupu. Mwambie aandike majina yote, la yule mrefu na la yule mfupi, na karibu na kila jina aache nafasi ya kutosha miaka mitano. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hatuwezi kumtunza tusiyejua anakua vipi.